Kasoro na Kitu: Juu ya Kugeuza Maneno kuwa Aljebra

Katika masomo yote ya hesabu hapana fungu liwashindalo watoto wetu kama lile liitwalo shuleni mafumbo, ambamo mtoto hupewa maneno matupu, naye hutakiwa ayageuze kuwa herufi na tarakimu. Aambiwa, "Ukitoa 5 katika namba fulani, hubaki 12," naye yampasa kuandika x − 5 = 12. Jina lenyewe, fumbo, si jina la bahati njema. Kwa Mswahili fumbo ni maneno yaliyofunikwa makusudi, yasemwayo ili mmoja aelewe na mwingine asielewe. Bali maneno ya hesabu hayana haki ya kuficha lo lote ila ile namba moja inayotafutwa. Mtoto akisikia kwamba ni fumbo, hutafuta hila ya kulifumbua, na hila huipata upesi, wala si hila njema.

Twataka hapa kuipima kazi hii kama ipimwavyo tafsiri yo yote. Wasomaji wetu wengi wamepata kushughulika na tafsiri, nao wajua ya kuwa afasiriye neno kwa neno hajafasiri bado. Hapana mwalimu awezaye kumsifu mtu aliyeifasiri barua kwa kupanga neno chini ya neno, pasipo kutazama sentensi inaelekea wapi. Lakini katika hesabu jambo hilo hufundishwa, tena hubandikwa ukutani. Twasema habari ya lile jedwali la maneno: upande mmoja alama nne, upande wa pili maneno yake. Penye kujumlisha huandikwa jumla, pamoja, zaidi, ongeza. Penye kutoa huandikwa toa, baki, pungufu, tofauti. Penye kuzidisha, mara na kila. Penye kugawanya, gawa, sehemu, nusu. Mtoto hufundishwa alitafute neno, aandike alama yake, amalize. Majedwali ya namna hii yamo katika lugha nyingi, wala si Waswahili walioyaanzisha. Lakini katika Kiswahili yana madhara yake ya peke yake, na hayo ndiyo tunayotaka kuyahakiki.

Tuseme kwanza sifa ya jedwali, maana haifai kukihukumu kitu bila kukipa haki yake. Mtoto asiyejua hata pa kuanzia hupata humo mahali pa kushika, na mwalimu mwenye watoto wengi darasani hupata namna ya kuwafanya wote waandike kitu. Sifa yaishia hapo.

Tulitazame neno toa. Katika Kiswahili kutoa si kupunguza tu. Ni kupeleka nje, ni kumpa mtu, ni kulipa. Mtu akiandika, "Babu alitoa shilingi 500 kwa kila mjukuu, na wajukuu wake ni 6, alitoa shilingi ngapi?" neno toa limo mara mbili, wala kutoa hakumo. Jibu ni 500 × 6. Kadhalika gawa: "Mwalimu aligawa daftari 3 kwa kila mtoto, na watoto ni x." Hesabu ya daftari zote ni 3x, na mtoto wa jedwali ataandika 3 ÷ x, au x ÷ 3, kwa kadiri moyo wake utakavyomwelekeza. Wala tusimlaumu. Amefanya kama alivyofundishwa.

Neno zidi lina hatari kuliko hayo yote. Zidi, zaidi, ziada na zidisha ni ndugu wa tumbo moja. Nje ya shule kuzidisha ni kufanya kitu kiwe kingi au kikali kupita kilivyokuwa: mtu huzidisha chumvi, huzidisha ukali. Shule ikalichukua zidisha, ikalifunga kwa alama ya ×, na papo hapo ikaliacha zidi liende sokoni na maana ya +. "Asha amemzidi Juma shilingi 5." Ikiwa Juma ana x, Asha ana x + 5; lakini mtoto aonaye zidi aandika 5x. Si kosa kwa elimu kuyatwaa maneno ya nyumbani na kuyapa kazi mpya. Kila elimu imefanya hivyo. Kosa ni kutomwambia mtoto kwamba neno limebadilishiwa kazi. Na hapa tuseme neno juu ya usemi wa "mara 3 zaidi ya". Ng'ombe wa Musa wakiwa mara 3 zaidi ya ng'ombe wa Ali, wengine husoma 3x, wengine husoma x na juu yake 3x, yaani 4x. Tumesikia hoja za pande zote mbili, na kila upande una masikio yake. Kwa maoni yetu usemi huu usiandikwe katika mtihani kabisa. "Mara 3 ya" yatosha.

Liko na jambo la mpangilio wa maneno. Mtoto wa Kiswahili akisoma 10 − 5 kwa sauti, husema "kumi toa tano", na maneno yafuata alama moja moja. Lakini sentensi kamili husema "toa 5 katika 10", na sasa 5 imetangulia. Vivyo hivyo "5 zaidi ya x" na "5 pungufu ya x". Hapa pana mtego ambao hautegwi na mtu, bali wajitega wenyewe. Kwa kawaida mtoto huanza na zaidi. Aandika 5 + x, naye hupewa alama ya sahihi, maana 5 + x na x + 5 ni mamoja. Afanya hivyo mara kumi, mara ishirini, akisifiwa kila mara kwa kufuata mpangilio wa maneno. Kisha juma la pili huja pungufu. Aandika 5 − x kwa mwendo ule ule aliosifiwa, naye akosolewa. Hajui kilichobadilika, kwa kuwa yeye hakubadili kitu.

Tukiutazama usemi wenyewe, "5 pungufu ya x", twaona kwamba una harufu ya ugeni. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mswahili asemaye kwa lugha yake hana haja ya kuitanguliza 5. Analo neno lake, neno la kila siku, wala jedwali la ukutani halilitaji hata mara moja. Neno hilo ni kasoro. Kila mtoto asomaye saa hulijua: saa tatu kasoro dakika tano, saa tatu kasorobo. Mia kasoro moja ni 99. Mwaka kasoro mwezi ni miezi 11. Basi "x kasoro 5" ni x − 5, neno mahali pa neno na alama mahali pa alama, bila kugeuza kitu. Ni vigumu kupata katika lugha nyingine chombo kilichochongwa vema namna hii kwa kazi ya aljebra, nasi twakiacha kwenye saa ya ukutani huku tukihangaika na pungufu ya.

Hapa yafaa kukumbuka aljebra yenyewe ilikotoka. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake huko Baghdad katika siku za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, na katika kitabu kile hamna alama hata moja ya zile tunazoziandika leo. Hamna +, hamna =, hamna x; hata namba zimeandikwa kwa maneno. Namba isiyojulikana aliita jidhr, yaani mzizi, au shay', yaani kitu. Namba hiyo ikizidishwa kwa nafsi yake aliiita mal, neno lile lile ambalo sisi twasema mali. Mafumbo yake mengi huanza na kumi lililogawanywa mafungu mawili: fungu moja ni kitu, na la pili ni kumi illa kitu. Illa hiyo ndiyo ila yetu. Mswahili aweza kuisema nusu ya sentensi ile leo, baada ya miaka 1,200, karibu kwa maneno yale yale: kumi ila kitu, au kumi kasoro kitu, nasi twaandika 10 − x.

Tena jina la elimu hii lapata maana mpya mtu akilisikia kwa sikio la Kiswahili. Jabr kwa Kiarabu ni kurudisha kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Kumi kasoro kitu ni kumi lenye upungufu. Na katika Kiswahili kasoro si neno la saa tu, ni neno la dosari pia, kama tusemavyo kwamba nguo ina kasoro. Basi iandikwapo 10 − x = 7, kumi lina kasoro yake, na dawa ni kulirudishia kile lililopungukiwa, na kuupa upande wa pili vile vile, ikawa 10 = 7 + x. Hiyo ndiyo jabr. Mwalimu aambiapo darasa kwamba "x huvuka upande wa pili na kubadili alama" amefundisha mchezo wa kiini macho. Aambiapo kwamba twaiondoa kasoro amefundisha elimu.

Wazungu walipokifasiri kitabu kile kwa Kilatini katika karne ya 12, Robert wa Chester akiwa mmoja wao mwaka 1145, kitu kikawa res. Waitalia wakakiita cosa. Na wahesabu wa Ujerumani wa karne ya 16 wakaiita elimu nzima Coss kwa sababu ya neno hilo. Alama zilikuja polepole. Robert Recorde alichora mistari miwili ya = mwaka 1557, kwa kuwa, asema mwenyewe, alichoka kurudiarudia maneno ya "ni sawa na". Viète aliweka herufi kwa namba mwaka 1591, na Descartes akatuzoeza x, y na z mwaka 1637. Twayataja haya kwa sababu moja. Kwa muda wa zaidi ya miaka 700 watu walifanya aljebra kwa sentensi kamili, na alama zilipokuja zilikuwa ufupisho wa sentensi hizo. Mtoto apewaye alama kwanza, kisha akaambiwa aokote maneno ya kuzibandikia, aipanda ngazi kutoka juu.

Sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi ni habari za mirathi, na kwa hiyo si ajabu kwamba katika pwani yetu hesabu ya mirathi ndiyo iliyohifadhi maneno ya sehemu: nusu, robo, thumuni, theluthi, sudusi. Tuchukue mfano mmoja, maana waonyesha ya kuwa jambo hili halikomi kwenye ubao wa shule. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, na watoto wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu mke apata thumuni, mama apata sudusi, na kinachosalia ni cha watoto. Tuseme mali yote ni m. Wakati mwingine huandikwa, "Mali, toa thumuni, kisha toa sudusi." Maneno hayo mafupi yana tafsiri mbili. Ya kwanza: sudusi ni ya mali yote, na salio ni m − m/8 − m/6. Ya pili: sudusi ni ya kile kilichobaki baada ya thumuni, na salio ni 7m/8 kasoro sudusi ya 7m/8. Sheria yataka ile ya kwanza. Ikiwa mali ni shilingi 4,800,000, mama mzazi apata 800,000 kwa tafsiri ya haki, na 700,000 kwa tafsiri ya pili. Shilingi 100,000 zimepotea ndani ya neno "kisha". Aliyeandika hakudanganya, wala aliyepiga hesabu hakukosea hesabu. Aliyepotea ni mfasiri.

Hapo twafika penye uzito wa neno letu. Katika aljebra, kazi ya kuonyesha nini kimefungamana na nini hufanywa na mabano. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na upatanisho wa ngeli. Mtu akisema "mtoto wa jirani aliyeanguka" hatujui ni nani aliyeanguka, kwa kuwa mtoto na jirani wote ni wa a-. Lakini akisema "kikombe cha mtoto kilichoanguka", hapana mashaka. Ki- imefanya kazi ya mabano. Sasa tutazame maneno tuliyowapa watoto kwa hesabu: namba, jumla, tofauti, hesabu, idadi, sehemu, nusu, robo. Yote ni ya i-. Tumeyaokota majina yote ya ngeli moja, kisha tunashangaa kwamba sentensi zetu hazina viungo.

"Jumla ya namba na 4 iliyozidishwa kwa 3." Nini iliyozidishwa? Ikiwa ni jumla, twaandika 3(x + 4). Ikiwa ni namba, 3x + 4. Ikiwa ni ile 4, x + 4 × 3. Tujaalie namba ni 2: majibu ni 18, 10 na 14. Watoto watatu wataleta majibu matatu, wote wakiwa wamesoma Kiswahili sawasawa, na mwalimu atampa mmoja alama na kuwanyima wawili.

Sasa turudishe neno la al-Khwarizmi, tuseme kitu badala ya namba. "Jumla ya 4 na kitu, iliyozidishwa kwa 3." Kitu hakiwezi kuwa iliyozidishwa, ni jumla, na maandishi ni 3(4 + x). "Jumla ya 4 na kitu kilichozidishwa kwa 3." Sasa ni kitu peke yake, na maandishi ni 4 + 3x. Tofauti ya sentensi hizi mbili ni ya silabi chache, iliyo- na kilicho-, nayo yatosha. Hata mtoto wa darasa la tano haiwezi kumponyoka, kwa maana amekuwa akiisikia tangu alipokuwa mgongoni mwa mamaye. Lugha nyingi zingetamani kuwa na kiungo cha namna hii. Kiingereza hakina, na vitabu vyao hulazimika kuweka vituo na kuongeza maneno ili kupata kile ambacho sisi twakipata kwa kiambishi kimoja. Zao nalo, kwa kuwa ni la li-, hutusaidia pale penye kuzidisha: "zao la 4 na kitu, lililoongezwa 3" halina mashaka hata kidogo.

Chombo cha pili ni mwendo wa -ki- na -ka-. "Kitu kikiongezwa 4, kikazidishwa kwa 3." Kila asikiaye ajua kilichotangulia na kilichofuata, maana -ka- ndiyo uti wa mgongo wa hadithi zetu zote. Kitu kimekua kwanza, na kile kilichokwisha kukua ndicho kilichozidishwa. Lakini mtoto aandika kwa kufuata hadithi: x + 4 × 3. Ndipo linapokuja lile neno la shule za Tanzania, MAGAZIJUTO, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, nalo laamuru kuzidisha kutangulie kujumlisha. Hadithi imesema hivi, na kanuni yasema vile. Mwalimu husema mtoto "amesahau mabano". Twaona si kusahau. Hakuambiwa kamwe kwamba mabano ndiyo yashikayo mahali pa -ka- katika maandishi ya aljebra, na kwamba pasipo hayo hadithi yake hupinduliwa. Akiambiwa hivyo mara moja, kwa mifano miwili mitatu, MAGAZIJUTO itamfaa. Pasipo kuambiwa ni amri tu, nayo hukaririwa kama amri.

Yaweza kusemwa kwamba kitu ni neno la hatari, kwa kuwa litamfanya mtoto adhani herufi ni kitu cha kushikika wala si namba. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi twaipokea kwa nusu. Hatari hiyo ipo, lakini haikuletwa na kitu. Imeletwa na desturi ya kuwafundisha watoto wachukue herufi ya kwanza ya jina: v kwa vitabu, m kwa maembe. Hapo 3m huwa "maembe matatu", na herufi imekuwa embe. Kitu hakitaji embe wala kitabu. Ni jina tupu lingojalo namba yake.

Habari ya herufi hizi imechunguzwa Marekani. Mwaka 1981 Clement, Lochhead na Monk walichapisha habari za vijana wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, ambao waliambiwa kwamba katika chuo fulani wanafunzi ni mara 6 ya maprofesa, wakatakiwa waandike habari hiyo kwa S na P. Zaidi ya theluthi yao walikosa, na wengi wa hao waliandika 6S = P, yaani kinyume chake. Hao si watoto, ni watu waliojifunza hesabu miaka kumi na zaidi. Sababu moja ni mpangilio wa Kiingereza, uwekao sita karibu ya wanafunzi; sababu nyingine ni ile tuliyoitaja, kwamba S kwao ilikuwa mwanafunzi, si idadi ya wanafunzi, na 6S = P ilisomwa kama picha: wanafunzi sita, profesa mmoja.

Kiswahili hapa kina heri na msiba pamoja. Heri ni kwamba "wanafunzi ni mara 6 ya walimu" yatembea sambamba na maandishi, na mtego wa Kiingereza haupo. Lakini mtu akisema "kila mwalimu ana wanafunzi 6", ambavyo ndivyo tusemavyo hasa, picha yarudi na kosa larudi nayo. Na msiba wetu wa peke yetu ni ngeli ya watu. Wanafunzi, walimu, wazee, watoto, wakulima: wote ni w. Afuataye desturi ya herufi ya kwanza atalazimika kuandika w = 6w, na hapo aljebra imekwisha. Vitu navyo, vitabu, viti, vikombe, vyote ni v. Lugha iliyopanga majina yake kwa viambishi vya mwanzo haiwezi kutumia herufi ya mwanzo kama alama ya jina; desturi ile ilitoka katika lugha ambazo majina yake hayana viambishi vya namna hiyo, ikapokelewa kwetu bila kupimwa. Ni heri kuandika x na y, na juu yake mstari mmoja wa Kiswahili: x ni idadi ya walimu. Neno idadi lisiachwe.

Tangu mwaka 1967 watoto wa Tanzania walio wengi wamejifunza hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakivuka kwenda sekondari huzikuta hesabu zile zile kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kuwinda maneno ukutani huvuka na mazoea yake. Akikuta "5 less than x", atafuta neno, aona "less", aandika 5 − x. Mwalimu wake mpya asema kwamba hajui Kiingereza; na mwalimu mwingine, mwenye haraka zaidi, asema kwamba hana akili ya hesabu, na neno hilo laweza kumfuata mtoto hata mwisho wa masomo yake. Twaomba jambo dogo kabla ya hukumu hiyo. Apewe sentensi ile ile kwa Kiswahili, "x kasoro 5", aandike. Akiandika sawa, basi hesabu anayo, na kinachotakiwa ni kumfundisha kwamba Kiingereza hutanguliza kile ambacho Kiswahili hukiweka nyuma. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu, wala si kazi ya kumrudisha darasa.

Kuhusu darasa lenyewe, liko zoezi ambalo walimu wachache hulitumia, nalo lafaa kuenea: kufasiri kwa kurudi. Mwalimu aandika ubaoni 3(x + 4), na chini yake 3x + 4, bila neno lo lote. Watoto watoe maneno, kila mmoja hadithi yake. Mmoja atasema habari ya watoto watatu ambao kila mmoja alikuwa na maembe x akaongezewa 4. Mwingine atasema habari ya vikapu vitatu vya maembe x kila kimoja, na maembe 4 yaliyobaki chini. Zikisomwa hadithi mbili zisizofanana, darasa limefasiri. Ikisomwa hadithi moja kwa maandishi yote mawili, somo la kesho ni lile lile la leo, na jedwali lingojee.